Sabuni ya mawese, sulfoniki, Texapon au glukosidi: ipi inafaa maji ya Goma?

Chukua chupa mbili za plastiki za nusu lita. Moja itie maji ya ziwa, nyingine itie maji ya mvua uliyokinga kwenye bati. Kwangua sabuni ya kipande, tia kijiko kidogo kila chupa, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Chupa ya mvua itajaa povu jeupe, zito, lisilotaka kutoka. Ya ziwa itakupa maji ya kijivu yenye vidonge vidonge kama maziwa yaliyokatika, na povu dogo linalokufa kabla hujaiweka chini.

Jaribio hili namfanyia kila anayekuja kwangu na swali lile lile: "Mama, ni sabuni gani isiyoharibu ziwa?" Wengi wanakuja wakiwa wameshasikia jibu: ya asili ni nzuri, ya kemikali ni mbaya. Mimi natengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kufulia, na jibu hilo halijawahi kunisaidia kuchagua chochote sokoni Birere. Kwetu Goma, mji wa Kongo ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, yanayoamua ni mawili: maji unayofulia yametoka wapi, na ukishayamwaga yanakwenda wapi.

Tuanze na hayo maji. Ziwa Kivu ni ziwa la volkano, na maji yake ya juu yana zaidi ya miligramu 80 za magnesiamu kwa kila lita, na kalsiamu kidogo sana. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu inashikamana nayo na kuwa utando usioyeyuka. Ndio ule ukoko wa kijivu kwenye beseni, na ndiyo sababu shati jeupe linageuka rangi ya jivu ndani ya miezi michache. Piga hesabu ya kemia: bidoni moja ya lita 20 ina magnesiamu ya kutosha kumeza takribani gramu 40 za sabuni kabla hata moja haijagusa uchafu. Bidoni kumi ni kipande cha gramu 400 kimekwenda bure. Kwa bahati magnesiamu haina haraka kama kalsiamu, kwa hiyo sabuni inapata nafasi ya kufanya kazi kidogo kabla haijakamatwa. Hata hivyo hasara ni kubwa.

Sasa tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kinachosafisha ndani ya sabuni yoyote ni chembe yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unaingia kwenye mafuta ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani, yaliyoganda sufuriani, kichwa kinabaki majini, na ukisuuza, mafuta yanafuata. Huku kwetu, kwa ajili ya Kifaransa, wauzaji huita vitu hivi tensioaktifu. Kwingine husema safaktanti, na mimi nitatumia neno hilo. Povu si kipimo cha usafi. Najua mteja hataki kusikia hivyo.

Sabuni ya mawese

Hii ndiyo safaktanti ya zamani kuliko zote na, ukitazama bakteria tu, ndiyo rahisi kuliko zote kuliwa. Inaoza kwenye oksijeni, inaoza pasipo oksijeni. Hata ule ukoko wa magnesiamu unaishia kuliwa. Malighafi iko nchini, na historia yake pia: mwaka 1911 William Lever alipewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji ili viwanda vyake vya sabuni Uingereza vipate mafuta, na Lusanga ya leo huko Kwilu iliitwa Leverville. Wazee waliolazimishwa kukata ngazi, yaani matunda ya mchikichi, hawakuiona hiyo sabuni ikiwa rafiki wa mtu yeyote. Kwa hiyo neno "asili" peke yake lisikulaze usingizi.

Udhaifu wake nimeshautaja. Ukiwa na tanki la mvua, sabuni ya mawese ndiyo chaguo langu la kwanza la kufulia, bila kusita. Na mvua ya Goma inatosha karibu mwaka mzima, ila volkano yetu ya Nyiragongo inapofuka sana, mvua hushuka na asidi na floridi. Hiyo ifulie, usiinywe. Ukiwa unategemea ziwa au bomba linalotoka ziwani, sabuni hii ni kama kumwaga fufu mtoni. Tena ina ukali wa alkali, pH ya 9 hadi 10, ambao ngozi ya mikono inaujua vizuri kufikia Jumamosi jioni.

Kuna wanaoniambia watie magadi ili kulainisha maji. Magadi yanafanya kazi nzuri dhidi ya kalsiamu. Magnesiamu inahitaji maji yawe makali mno, zaidi ya pH 10 na nusu, ndipo ikubali kuanguka chini. Kwa hiyo ushauri ule unaosomwa mtandaoni, ulioandikwa kwa maji ya nchi nyingine, hapa unasaidia nusu tu. Fosfeti zingeweza, zinakamata zote mbili, lakini fosfeti ni mbolea ya mwani, na Ziwa Kivu ni ziwa lenye virutubisho vichache huko juu. Ukianza kulilisha, litabadilika rangi.

Sulfoniki na Texapon

Hapa ndipo tulipo wengi. Ukifungua pakiti ya sabuni ya unga, ile ambayo mjini kote inaitwa Omo hata kama jina lake ni lingine, safaktanti kuu karibu kila mara ni LAS, kifupi cha jina la Kiingereza la sulfonati yenye mkia ulionyooka. Hiyo hiyo, ikiwa bado asidi nzito ya kahawia iliyo kwenye jagi, ndiyo sulfoniki ya watengenezaji wadogo: unaituliza kwa soda kali au magadi, inakuwa sabuni. Texapon ni jina la biashara la bandiko jeupe, zito kama ute wa yai, ambalo kitaalamu ni laureth sulfeti ya sodiamu. Wote wawili wanatoa povu jingi na wote ni bei nafuu, na ndiyo maana watu huwaweka kapu moja. Mimi nawatenganisha.

LAS ilikuja katikati ya miaka ya 1960 kuondoa aibu ya mtangulizi wake. Miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilikuwa inafunikwa na milima ya povu, kwa sababu safaktanti ya wakati huo ilikuwa na mkia wenye matawi, na bakteria walishindwa kuumaliza. Ujerumani ikapitisha sheria mwaka 1961. Viwanda vikanyoosha mkia, bakteria wakaanza kula. Tatizo likaisha, karibu lote. Sehemu iliyobaki ni hii: LAS inaliwa vizuri penye oksijeni. Pasipo oksijeni inakaa.

Kwa mji mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Goma tumejenga juu ya lava. Hatuna mto unaopita katikati. Maji ya beseni yanaingia kwenye foso, yaani shimo la maji machafu, au kwenye nyufa za mawe, na ndani ya foso hakuna oksijeni. Ziwa lenyewe, kuanzia kama mita 60 kwenda chini, halina oksijeni kabisa; huko ndiko gesi ya metani na kaboni dioksaidi zilikolala. Sambaza, ambao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi kwenye tabaka lile la juu tu. Kwa hiyo kitu kisichooza gizani si kitu cha kukimwaga gizani.

Ila chukua LAS hiyo hiyo, imwage juu ya udongo wa bustani chini ya mgomba, penye hewa na wadudu wasioonekana: ndani ya wiki chache imeliwa. Kila ninaposema hivi kuna anayeshangaa kwamba sabuni ile ile ni mbaya kwa jirani na si mbaya kwake.

Texapon inaoza pande zote mbili, penye oksijeni na pasipo. Hilo peke yake linanitosha kuipendelea kuliko sulfoniki kwa nyumba yenye foso. Lakini kuna jambo tamu zaidi, ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa: magnesiamu inayoua sabuni ya mawese inaisaidia Texapon. Viwanda vikubwa vya sabuni ya vyombo huongeza chumvi ya magnesiamu kwa makusudi ili mafuta yakatike haraka zaidi. Sisi tumepewa bure, ziwani. Ukiosha sufuria ya mawese na sombe kwa maji ya Kivu na sabuni ya Texapon, unafanya kile ambacho mtu wa Ulaya analipia.

Lawama za Texapon ni mbili. Inapotengenezwa, hubaki na chembe za dioksani, uchafu wa kiwandani ambao watengenezaji makini huuondoa na wengine huuacha. Jagi lisilo na lebo halitakuambia ni la nani. Pili, mkia wake hutoka kwenye mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) au ya nazi, lakini sehemu ya katikati ni ya petroli. Ni nusu shamba, nusu kisima. Usichanganye na dada yake mwenye jina linalofanana, lauryl sulfeti, ambaye ni mkali zaidi kwa ngozi.

Sabuni yangu ya vyombo ilikuwa sulfoniki na Texapon kwa miaka. Sasa sulfoniki nimeiacha kwa oda za kufulia peke yake, tena kwa wateja ninaojua wanamwaga wapi.

Kabla sijasonga mbele: ukiona popote kimeandikwa nonilfenoli, au NP-9, rudisha. Hiyo ikioza haiishi, inageuka kitu kinachoiga homoni za kike katika samaki. Umoja wa Ulaya uliibana mwaka 2003. Sina la kulinganisha hapo.

Glukosidi

Jina lake kamili ni alkili poliglukosidi, na wauzaji huandika APG. Kichwa chake ni sukari ya mahindi au ngano, mkia wake ni pombe ya mafuta ya nazi au mise. Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, alieleza jinsi ya kuunganisha vitu hivyo mwaka 1893, kisha jambo likalala karibu miaka mia, mpaka kampuni ya Henkel ilipofungua kiwanda kikubwa huko Cincinnati mwaka 1992. Ukiniuliza ni safaktanti gani ya kisasa ambayo mtu wa Goma anaweza kuishika mkononi leo bila kuota ndoto, ni hii.

Haina chaji ya umeme kichwani, kwa hiyo magnesiamu haina pa kuishika: maji ya ziwa, maji ya mvua, kwake ni sawasawa. Inaoza kwenye hewa na kwenye foso. Haina dioksani, kwa kuwa haipitii njia ile ya petroli. Ngozi inaipenda, mwanamke anayeosha vyombo vya mgahawa saa sita kwa siku ataona tofauti ndani ya wiki mbili. Povu lake ni la wastani, dogo dogo, linasuuzika upesi, na hapa ambapo maji ya kusuuza yanaletwa kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, au kichwani, bidoni moja isiyohitajika ni pesa.

Yenye kuudhi ni haya. Inakuja na pH ya 11 na nusu au zaidi, lazima uishushe kwa asidi ya limau kabla ya kumpa mtu. Na haigandi kwa chumvi. Pipa langu la kwanza la glukosidi nilifanya kama nilivyozoea kwa Texapon: nikatia chumvi, nikakoroga, nikangoja. Maji. Nikaongeza chumvi. Maji ya chumvi. Wateja wa Goma hupima sabuni kwa kugeuza chupa kichwa chini na kutazama inavyoshuka, na ile ilishuka kama chai. Nikaigawa kwa majirani. Kosa lilikuwa langu: glukosidi inahitaji gundi, zanthani kwa mfano, au inahitaji kuolewa na Texapon.

Halafu bei. Na kwenye bei watu wengi wanajidanganya kwa sababu wanalinganisha kilo kwa kilo. Usilinganishe kilo, linganisha kinachosafisha ndani ya kilo. Sulfoniki ni kama asilimia 96 kitu chenyewe. Texapon ile nzito ni asilimia 70. Glukosidi kawaida ni asilimia 50, na betaini ya nazi, ambayo watu huiongeza kulainisha, ni asilimia 30 tu. Zilizobaki ni maji. Tuseme, kwa mfano tu, Texapon ni dola 3 kwa kilo na glukosidi ni 6. Unaona mara mbili. Gawanya: 3 kwa 0.7 ni 4.3, na 6 kwa 0.5 ni 12. Ni karibu mara tatu. Ukishaijua hesabu hii muuzaji anabadilisha sauti.

Ninachofanya ni kuondoa robo ya Texapon na kuweka glukosidi kiasi kile kile cha kitu chenyewe. Mchanganyiko bado unaganda kwa chumvi, povu halipungui la kumtia mteja shaka, na mikono inapumzika. Na chumvi, onja kwanza maji yako: ukikoroga kwa maji ya ziwa, yenyewe yana chumvi, kwa hiyo anza na kidogo kuliko maelekezo ya maji ya mvua. Ukipita kiasi sabuni inakatika na kuwa nyepesi tena.

Zile za bakteria na hamira

Ramnolipidi hutengenezwa na bakteria, soforolipidi na hamira ya porini. Unawalisha sukari au mafuta, wanakutemea safaktanti. Ndizo zinazosifiwa zaidi siku hizi, na sifa nyingine ni za haki: hazihitaji petroli, zinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno, zinaoza kirahisi. Mwaka 2019 Unilever iliweka ramnolipidi kwenye sabuni ya vyombo ya Quix huko Chile, na mwaka 2024 kampuni ya Evonik ilifungua kiwanda cha ramnolipidi Slovakia. Kwa anayenunua kwa kilo tano tano Birere, hiyo ni habari ya redioni. Ukiniletea jagi nitalijaribu kwa furaha. Kwa leo sipangi biashara juu yake, na anayekuuzia chupa yenye jina hilo kwa bei ya Texapon muulize ameipata wapi.

Mimea ya povu

Wapo wanaosema turudi kwenye matunda na mizizi ya bibi zetu. Saponini za mimea ni safaktanti kweli, na Phytolacca dodecandra inaota hata kwenye milima yetu ya Kivu. Lakini sikiliza kisa chake. Mwaka 1964 huko Adwa, Ethiopia, Aklilu Lemma aliona kwamba mahali wanawake walipofulia kwa matunda ya mmea huo, konokono walikuwa wamekufa mtoni. Wale konokono ndio wanaobeba kichocho, kwa hiyo ugunduzi ukawa neema. Samaki nao, hata hivyo, hawastahimili saponini, zinawaharibu matamvua. Ukiipeleka ufukweni pa ziwa la sambaza kwa kuwa ni ya asili, umekosea njia kabisa. Tumia kwa kitambaa laini, nyumbani, mwaga bustanini.

Kusema kweli hakuna safaktanti isiyodhuru samaki ikiwa nzito majini. Zinatofautiana kwa muda zinaokaa. Ndiyo maana neno "biodégradable" kwenye chupa lina maana ukijua kipimo chake: Ulaya inadai asilimia 60 ya safaktanti iwe imeliwa kabisa ndani ya siku 28, kwenye jaribio lenye oksijeni. Siku 28. Mama anayefulia kwenye mawe ya ufukwe wa Himbi anamwagia samaki sabuni ya dakika moja iliyopita, na hapo hakuna lebo inayosaidia. Sabuni bora kuliko zote, ikisuuzwa ndani ya ziwa, ni mbaya kuliko Omo ya kawaida iliyomwagwa chini ya mgomba.

Basi, ukinibana niseme moja kwa kila mtu. Una tanki la mvua na unafua nguo za nyumbani: sabuni ya mawese. Unafua kwa maji ya ziwa na una udongo wa kumwagia: unga wa kawaida si dhambi, punguza kipimo kwa theluthi uone kama nguo zinalalamika, zangu hazikulalamika. Unafua kwa maji ya ziwa na maji yote yanaingia kwenye foso: tafuta sabuni ya maji ya Texapon, achana na sulfoniki. Una mgahawa, vyombo kutwa: Texapon robo tatu, glukosidi robo. Una mtoto mwenye ngozi ya kuwasha: glukosidi tupu, nyepesi kama chai, na usijali inavyoshuka kwenye chupa.

Nilivyoanza kuuza huo mchanganyiko wa robo, mwenye mgahawa mmoja aliirudisha siku ya pili akisema povu limepungua. Nikamwambia aoshe sufuria tatu za sambaza mbele yangu, mbili kwa ya zamani, moja kwa mpya. Masizi ya makaa hayakutoka kwa yoyote kati ya hizo, hayo ni ya mchanga na nguvu za mkono. Mafuta yalitoka kwa zote. Akaichukua, akaomba nipunguze bei.